Karneval ya Köln: mimi Mkatoliki wa Peramiho niende au nibaki ndani?

Binti_Peramiho | 3 Februari 2026

Wadau habari zenu, naomba msaada hasa mlioko Ujerumani. Niko Köln tangu Septemba, nafanya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee, Kijerumani changu ni B2 ila hiki wanachoongea wazee wa hapa ni kingine kabisa. Sasa tangu mwezi wa kwanza uanze kazini hakuna stori nyingine, ni Karneval tu, sherehe zao za kabla ya Kwaresima, kila kona wametundika maputo na karatasi nyekundu na nyeupe, na Alhamisi tarehe 12 nimeambiwa nisivae sare ya kazi, nije nimevaa vazi la Karneval. Mkuu wa zamu kanionya nisishtuke nikiona wanawake wanakata tai za wanaume kwa mkasi, ndo siku yake hiyo. Kuna mzee namwogesha kila asubuhi, ana miaka 91, swali lake kila siku ni moja: "Mwaka huu utakuwa nani?" Haulizi nitavaa nini, anauliza nitakuwa NANI.

Mimi nimezaliwa Peramiho, nimekulia kwenye kengele za abasia, Wabenediktini wa Kijerumani walifika kwetu 1898 na bibi yangu alifundishwa kusoma na masista wao. Kwaresima naijua vizuri, majivu, Njia ya Msalaba kila Ijumaa, nyama hamna, mama anazima redio ya muziki mpaka Pasaka. Lakini katika yote waliyotuletea, hii ya kabla ya Kwaresima hakuna aliyewahi kututamkia. Ndo najiuliza, hii kitu ni ya Kanisa au ni ulevi wa mtaani tu? Nikienda dhamiri itanisuta?

Halafu kuna mwenzangu kazini kaniambia, tena kwa upendo kabisa, "wewe huna shida, vaa tu zile nguo zenu za Kiafrika." Nikacheka nikanyamaza, lakini mpaka leo neno lile halijanishuka kooni. Vitenge vyangu mi navaa kanisani.

Mzee_wa_Rhein | 3 Februari 2026

Dada karibu Köln. Mimi huu mwaka wa kumi na sita hapa, nilianza kama wewe, nimefungiwa ndani na woga miaka miwili ya kwanza, kwa hiyo nakuandikia kirefu usipoteze muda niliopoteza mimi.

Anza na jina. Huku kwetu kando ya mto Rhein wanasema Karneval, Mainz na kusini magharibi wanasema Fastnacht, Bavaria na mashariki wanasema Fasching. Fastnacht ndo linakupa jibu lako, maana yake ni usiku wa kuamkia mfungo. Wazee wa Köln kwa lugha yao wanaita Fastelovend, ni kitu kilekile. Zamani Kwaresima ilikuwa kali, nyama hakuna, mayai hakuna, mafuta ya nguruwe hakuna, sasa nyumba ina ndoo ya mafuta na trei la mayai na zimebaki siku nne utafanyaje, unakaanga. Ndo maana wiki hii utaona kila duka la mikate limejaza Berliner, ni andazi la mviringo lililoumuka vizuri, linakaangwa kwenye mafuta mengi halafu linajazwa jemu katikati na kupakwa sukari juu. Kuwa makini, kuna watu wanachanganya moja lenye haradali humo humo kwenye sahani, ndo utani wenyewe, anayelipata kalipata.

Msimu unafunguliwa tarehe 11 mwezi wa 11 saa tano na dakika kumi na moja asubuhi, siku ya Mtakatifu Martin. Hiyo nayo ina kalenda ya Kanisa nyuma yake, zamani mfungo wa kabla ya Noeli ulikuwa unaanza baada ya Mt. Martin, kwa hiyo watu walikula na kunywa siku hiyo. Na namba 11 wanaiita namba ya wapumbavu, wengine husema kwa sababu imezidi amri kumi na haijafika mitume kumi na wawili. Baada ya hapo kunatulia mpaka Januari, ndo mikutano ya kumbini inaanza, muziki na watu wanaopanda jukwaani kuhutubia wakiwa ndani ya pipa.

Siku zako za mwaka huu ziko hivi, Alhamisi tarehe 12 Weiberfastnacht, siku ya wanawake, ndo mtaani kunafunguliwa rasmi pale Alter Markt. Tai zinakatwa kweli, mwanaume anayejua anavaa tai ya zamani, na aliyekatwa anapewa busu la shavuni linaitwa Bützchen, si mapenzi hayo ni salamu tu, na hutaki husemi ndiyo. Jumatatu tarehe 16 ni Rosenmontag, maandamano makubwa. Sio sikukuu ya serikali lakini shule na ofisi nyingi zimefungwa, we jaribu tu kwenda kutafuta muhuri siku hiyo. Jumanne usiku wanachoma Nubbel, nitarudi hapo. Jumatano tarehe 18 majivu, na watu wanakula samaki.

Maandamano ya Rosenmontag yalianza 1823. Köln ilikaa chini ya Wafaransa miaka ishirini toka 1794, walipoondoka wakaja Waprusia, watu wa ufalme wa Kijerumani uliotawala toka Berlin, na Waprusia walikuwa watu wa kwata na amri. Wakubwa wa mji wakaunda kamati ya kuipanga sherehe iliyokuwa imezagaa ovyo, na mwaka huo huo kikazaliwa kikundi cha Rote Funken, wamevaa magwanda mekundu ya askari wa zamani wa mji, wana bunduki za mbao na wameweka ua kwenye mdomo wa bunduki. Utawaona. Ukiona jeshi zima la watu wazima wanatembea hovyo makusudi ujue wanamcheka Mprusia, miaka mia mbili na zaidi bado hawajamaliza kumcheka.

Watawala wa msimu ni watatu, Mwanamfalme, Mkulima na Bikira, wanaitwa Dreigestirn. Mkulima anashika funguo za mji. Bikira anawakilisha mji usiotekeka, na ni mwanaume amenyolewa ndevu safi amevaa gauni na taji. Hawa wanapita hospitali na nyumba za wazee, huenda wakafika kwenu.

Mambo ya usalama. Usiende Zülpicher Straße Alhamisi, pale ni vijana waliolewa toka asubuhi na wenyeji wenyewe wanalalamika. Chupa za glasi zinakatazwa maeneo mengi. Kuna huduma ya wanawake inaitwa Edelgard, mtu akikusumbua tafuta gari lao au ingia duka lenye stika yao uombe msaada. Bia ya Kölsch inakuja kwenye glasi ndogo ya 0.2, mhudumu anakuletea nyingine kabla hujaomba, ukitosheka weka kile kikaratasi cha kuwekea glasi juu ya glasi, ataelewa. Na hakuna anayekulazimisha, mke wangu hanywi kabisa na hakosi hata mwaka mmoja. Vaa nguo ya joto ndani ya hilo vazi lako, watu wanaugua.

Mlinzi_wa_Imani | 4 Februari 2026

Dada yangu mimi nitasema ukweli ingawa wengi hawataupenda. Hizo ni ibada za kipagani za kufukuza baridi na mashetani, Kanisa lilifumba macho tu. Ulevi, vinyago, wanaume kuvaa gauni. Kaa chumbani usome Biblia yako, siku sita si nyingi.

Mzee_wa_Rhein | 4 Februari 2026

Ndugu yangu nakuheshimu, ulevi upo na nimeuonya hapo juu. Lakini hilo la upagani wanahistoria wa leo wameshaliacha, lilivuma karne ya 19 na ya 20 na Wanazi walilipenda sana kwa sababu zao. Ukienda kwenye maandishi ya zamani sherehe hii inaning'inia kwenye Kwaresima tu, bila Kwaresima haipo. Hapa Köln mwaka 1341 halmashauri ya mji iliapa kutotoa pesa za hazina kwa ajili ya Fastelovend, sasa mji wa maaskofu uliojaa makanisa ungekuwa unabishana juu ya bajeti ya mashetani? Angalia na ramani, mikoa ya Wakatoliki ndo yenye sherehe kubwa, kule kulikoingia Matengenezo ya Luther na mfungo ukafutwa, sherehe nyingi zilikufa nao. Hamburg Jumatatu hiyo watu wako kazini kama kawaida.

Na si watu wasio na moyo. 1991 vita vya Ghuba vilipoanza walifuta maandamano. 2022 Urusi iliingia Ukraine Alhamisi ya wanawake yenyewe, Jumatatu yake badala ya kurusha pipi watu kama 250,000 waliandamana hapa Köln kudai amani, wengi wamevaa nguo zao za Karneval. Nilikuwepo. Mtu kajipaka uso wa mchekeshaji na machozi yamechora mistari kwenye ile rangi, sijasahau.

Pwani_Mainz | 4 Februari 2026

Jamani mnazunguka mbali, sisi watu wa pwani hili jambo tunalo na lina jina: KUVUNJA JUNGU. Mie wa Zanzibar. Siku za mwisho za Shaaban watu wanachanga, wanapika, wanakwenda ufukweni na masufuria, mpaka mwezi uandame jungu liwe limeshavunjwa. Si ibada, hakuna sheikh atakayekwambia ni katika dini, lakini bila Ramadhani lisingekuwa na maana. Fastnacht ni hivyohivyo. Mwaka wangu wa kwanza hapa Mainz jirani yangu bibi mmoja wa Kijerumani alinigongea mlango na sahani ya Kreppel, ndo hayo maandazi ya jemu kwa jina la huku, nikamuuliza kuna nini akasema "tunamaliza mafuta", nilimwelewa pale pale, nikamwambia kwetu pia tunamaliza.

Na mwaka huu angalieni kalenda, Jumatano ya Majivu tarehe 18 na Ramadhani inatarajiwa 18 au 19 kwa kuandama mwezi. Jungu la Wakristo na la Waislamu linavunjwa wiki moja!

Mainz ukija usiseme Alaaf, hiyo ni salamu ya Karneval ya Köln, hapa ni Helau. Dada kama mtu kakualika na dhamiri yako inajua mpaka, kale maandazi.

Lipiko_Newala | 5 Februari 2026

Mimi niko huku kusini karibu na Rottweil, naomba msiandike Ujerumani nzima kama Köln. Huku hakuna wanajeshi wa mbao wala pipi kwa matani. Huku ni vinyago. Rosenmontag saa mbili kamili asubuhi lango la mji linaloitwa Schwarzes Tor linafunguka na wanatoka wamevaa mavazi yanaitwa Häs, usoni kinyago cha mbao ya mti wa Linde kilichochongwa kwa mkono, vingine vimerithiwa toka kwa babu wa babu. Hununui dukani ukatupa, vazi linaandikishwa kwenye chama. Kuna mmoja wanamwita Gschell amejifunga kengele kifuani na mgongoni, anaruka kwa mwendo wa pole ili zile kengele zilie pamoja, unazisikia tumboni kabla hujamwona. Federahannes ana meno ya kutisha na mti mrefu wenye mkia wa ndama, anaurukia ule mti halafu anakupitishia mkia puani.

Mimi ni Mmakonde. Mara ya kwanza nimesimama pale kwenye barafu nilihisi niko Newala jando limetoka na mapiko, vinyago vyetu, yanacheza. Mtu unamjua, ni fundi bomba wa mtaani kwenu, lakini akishavaa mbao usoni si yeye tena na hakuna anayemwita jina. Na wana kitu ambacho sijakiona kwingine Ulaya, kinyago kinakusogelea na daftari lenye picha, anakusomea aibu zako za mwaka mzima, ulivyogonga gari kwenye nguzo, ulivyosahau mkate kwenye oveni mpaka zimamoto wakaja, halafu anakupa pipi mnaachana. Hukasiriki. Dada wewe Mngoni nadhani umeshaelewa, huo ni UTANI. Mtani anakwambia mbele za watu yale ambayo ndugu yako hawezi, hata msibani. Tofauti yetu ni kwamba sisi tuna watani wa kabila mwaka mzima, wao wamebanwa mwaka mzima wanapewa siku sita.

Alhamisi ya huku inaitwa Schmotziger Donnerstag. Wengi wanadhani maana yake chafu kwa kuwa inafanana na neno la Kijerumani la uchafu, kumbe Schmotz kwa lugha ya huku ni mafuta ya kukaangia. Tumerudi kwenye maandazi.

Dada_wa_Bonn | 5 Februari 2026

Binti mi nijibu lile la vitenge maana naona kaka zangu wote wamelipita.

Kitenge chako si vazi la Karneval na wewe si vazi la Karneval. Vaa kitenge siku yoyote unayotaka, lakini siku hiyo mtu akikuona atadhani umejigeuza kitu, na wewe hujajigeuza kitu, ni wewe. Mwenzio hakuwa na nia mbaya, mwambie kwa upole, wengi wakielezwa wanaelewa. Miaka ya karibuni mjadala huu umekuwa mkubwa, Köln waliwahi kubandika mabango yenye picha za watu na maneno "mimi si kostyumu". Mwaka fulani nimepanda treni na binti yangu, ana miaka sita, akaingia baba mmoja kajipaka uso wote mweusi kavaa majani kiunoni, mtoto akaninong'oneza "mama, anajifanya sisi?" Sikuwa na jibu. Tulishuka kituo kinachofuata tukatembea.

Mzee ametaja Waprusia, sawa, ndo utani ninaouheshimu, mdogo anamcheka mkubwa. Lakini tuseme yote. 1934 kwenye maandamano ya Köln kulikuwa na gari lenye wanaume waliojivisha kama Wayahudi "wa mwisho wanaondoka", na umati ukacheka. Kwa hiyo kila mwaka mi naangalia nani anachekwa. Düsseldorf yuko Jacques Tilly anayetengeneza masanamu ya wanasiasa, marais wa mataifa makubwa wanavuliwa nguo mchana kweupe, hiyo naenda na mtoto wangu tunapiga makofi.

Na hiyo Alhamisi ya wanawake asili yake ni huku kwetu, ng'ambo ya mto, Beuel. 1824 wanawake wafua nguo waliunda kamati yao. Walikuwa wanafua nguo za matajiri wa Köln mpaka mikono inachubuka, waume zao ndo wanapeleka nguo kwa boti halafu wanabaki huko huko kusherehekea Karneval. Wakasema hapana, na sisi tuna siku yetu. Mpaka leo kila mwaka wanavamia ofisi ya manispaa ya Beuel wanaiteka. Ukikata tai Alhamisi kumbuka umeshika mkasi wa mfua nguo.

Vaa nyuki au kipepeo, wazee wanapenda vitu vyenye mabawa.

Binti_Peramiho | 5 Februari 2026

Mungu awabariki, nimesoma yote mara mbili. Utani umenifungua kabisa kichwa. Nimeagiza mabawa ya nyuki.

Binti_Peramiho | 19 Februari 2026

Narudi kutoa mrejesho kama nilivyoahidi moyoni.

Alhamisi nilikwenda nyuki, mabawa yalikuwa yanagonga milango yote. Yule mzee wa miaka 91 nilimkuta kaamka saa kumi na moja anasubiri, kavaa kofia ya rangi nyekundu na nyeupe yenye kengele na tai imefungwa vizuri, tai ya hariri, nikasema hii siikati, akakasirika kweli, akanipa mkasi mwenyewe kutoka droo ya kitanda. Alikuwa ameuweka toka Jumatatu. Nikakata. Akakinga shavu.

Ukumbini kuna mama mmoja ana ugonjwa wa kusahau, mimi nimemlisha miezi mitano hajawahi kuniita jina, binti yake akija anamwita sista. Ilipopigwa akodioni akaanza kuimba, beti ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa Kikölsch, ile lugha ya wazee wa hapa, hakosei hata neno, na mkono wake mmoja umenishika huku anayumba nami kulia na kushoto. Binti yake alikuwa kasimama mlangoni amevaa kama jogoo, analia. Nilimwachia nafasi akae pale kwangu. Mlinzi wa Imani nakuheshimu ila nilichokiona hapo sitakiita cha shetani.

Jumatatu nilisimama na mfuko, unapiga kelele "Kamelle!" wanakurushia pipi na chokoleti, nimeokota mpaka mgongo ukauma, na mtu mmoja kanishushia ua mkononi. Zülpicher sikukanyaga.

Kilichonigusa zaidi ni Jumanne usiku. Mzee uliahidi utarudi kueleza Nubbel ukasahau, basi naeleza mimi. Ni mtu wa majani makavu aliyevishwa suruali na shati, siku zote amening'inizwa juu ya mlango wa baa. Saa sita kasoro wanamteremsha, mmoja amejivisha kama padri anasoma mashtaka, nani katulewesha, umati unajibu Nubbel, nani kamaliza pesa zetu, Nubbel, na kila jibu mtu analia kilio cha uongo kama watani msibani, halafu wanamchoma moto barabarani. Watu waliokuwa wanapiga kelele wakanyamaza wanaangalia moto. Mabinti wawili pembeni yangu walikuwa wanalia kweli kweli. Ukizimika wakaagana wakaenda kulala.

Asubuhi nikapanga foleni ya majivu na watu walewale, mmoja bado ana rangi ya kijani nyuma ya sikio. Padri akaniandikia msalaba kwa Kijerumani, kumbuka u mavumbi. Nyumbani nikampigia mama Peramiho, na yeye alikuwa ametoka kanisani na majivu yake.

Pwani_Mainz, heri ya mfungo. Jumamosi nina off, ule mwaliko wa kufuturu ulioniandikia inbox bado upo? Nije na nini?

Pwani_Mainz | 19 Februari 2026

Upo mwanangu. Njoo mikono mitupu, tambi na uji wa pilipili manga nishaanza kuandaa. Panda treni ya mchana ufike kabla ya magharibi, jirani yangu yule bibi wa Kreppel naye anakuja, kasema analeta samaki.